Nafula, Niliiba Mazoezi Yako

Nafula,

Ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani, nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Ruiru, na sare za watoto wa shule nimezisukuma kando ili nipate pa kuandikia. Miezi minne imepita tangu tukuzike kwenu Kimilili. Nilidhani nikishatupa ule udongo wangu kaburini, hili jambo litaisha. Halijaisha. Bado nakuonea wivu. Nimelipeleka kwenye maombi, nikajikuta namwambia Mungu maneno mazuri ambayo si ya kweli, kwa hivyo nimeona nikuandikie wewe mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekuleta kwenye mbio, usisahau. Ulikuwa umehamia Thika kufanya kazi kwenye banda la kufungasha maua, na jioni ulikuja uwanjani kutembea tu, kupumzisha miguu iliyosimama tangu asubuhi. Nilikuita mimi. "Dada, kuja tukimbie raundi mbili." Ulikimbia na raba za sokoni, huku unacheka. Mwaka haukuisha kabla hujaanza kunipita, tena bila kuhema. Mimi nilikuwa na miaka minane katika klabu ile, lakini Kocha Mwangi akianza kunitambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ni rafiki ya Nafula." Jina langu likawa hilo.

Mama yangu aliona kabla yangu. Unakumbuka siku ile uliyokuja nyumbani tukamenya viazi, akanitazama usoni wakati unasimulia mbio za Nakuru? Akasema, neno la mwisho kwa Kikuyu, "Njeri ana uiru." Ukauliza uiru ni nini. Akakwambia ni wivu. Wewe ukapiga makofi, "Kumbe ndiyo maana mnaishi Ruiru!" Tukacheka wote hadi Mama akafuta machozi. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Halafu tukaumia, sote ndani ya wiki moja. Ni ule mlima wa kutoka mtoni Chania, Kocha alitupandisha na kutushusha kama mbuzi. Wewe kisigino cha kushoto, mimi cha kulia: ile kano nene ya nyuma, ikawa inauma asubuhi ukikanyaga sakafu kana kwamba mtu amekuchoma na msumari. Mimi sikuweza hata kukanyaga pedali ya cherehani sawasawa. Na nitakwambia ukweli, Nafula. Niliposikia na wewe umeumia, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi.

Ni Kocha aliyetupeleka kwa Daktari Wairimu. Alikuwa na utafiti wake wa chuo kikuu, pale karibu na Kahawa Wendani, na alitaka kujua jambo moja: kano ya mkimbiaji inapona vizuri kwa kunyooshwa polepole, kama hospitali nyingi zinavyofanya, au kwa kubebeshwa uzito kidogo kidogo mpaka izoee kazi nzito? Alitueleza yote kwa upole, tukatia sahihi. Kisha tukapewa bahasha. Hakuna aliyechagua, hata yeye mwenyewe hakujua kilichomo. Yangu ikasema kunyoosha. Yako ikasema uzito.

Akatuomba kitu kimoja. "Mnafanya mazoezi pamoja, najua ni vigumu. Lakini tafadhali, msionyeshane."

Wewe hukunionyesha. Mara ngapi nilikuuliza kwa mzaha ukabadilisha mazungumzo? Ulishika neno lako, na hilo nalo lilinichoma.

Mwezi wa pili wa utafiti tulienda kupimwa. Walitubandika vile vidude vyeupe kwenye magoti na vifundo, tukakimbia kwenye mashine mbele ya kamera, na kwenye kompyuta tukaonekana kama watu wa vijiti. Wewe ulipanda kwanza. Daktari Wairimu akaita wanafunzi wake waje waone. "Tazameni anavyorudishwa juu na kisigino," akawaambia, "ni kama kano mpya." Walisimama hapo wakikuangalia kama harusi. Nilipopanda mimi, walikuwa wamerudi kwenye chai yao. Daktari aliandika kitu, akaniambia, "Endelea tu, Njeri, kila mwili una wakati wake."

Jumamosi iliyofuata nilikuja kwako Thika. Ulikwenda kwa jirani kuchukua chapati ulizoagiza kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu, Nafula. Begi lako lilikuwa kitandani, na ile karatasi ya mazoezi yako ilikuwa kwenye mfuko wa mbele, imekunjwa mara nne. Niliipiga picha kwa simu, nikaikunja tena kama ilivyokuwa. Uliporudi nilikuwa nimekaa palepale. Nilikula chapati tatu.

Kuanzia Jumatatu nilikuwa nasimama kwenye ngazi za ploti yetu ya kupanga, visigino vikining'inia hewani, begi mgongoni na mtungi wa maji ndani yake. Kupanda taratibu, kushuka taratibu, kama karatasi ilivyosema. Kila wiki niliongeza maji. Na kila siku kwenye daftari tulilopewa na daktari niliandika kwa mkono wangu: "Nimenyoosha tu." Miezi miwili niliandika hivyo.

Mguu ukapona. Sijui kama kuna kitu kichungu kama kupona kwa njia hiyo. Nilipopimwa tena, daktari alishangaa, akaangalia mara mbili. Na wewe ulinikumbatia pale pale kwenye korido ukapiga kelele, "Njeri, mguu umerudi! Umerudi!" Ulikuwa unatetemeka kwa furaha. Nilitamani uniachilie.

Halafu yale majaribio ya klabu, uwanjani Thika. Nilikushinda. Kwa kifua tu, lakini nilikushinda, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Kocha aliniita kwa jina langu. Wewe ukashika magoti, ukahema, ukasema, "Leo umeniweza, dada." Sikulala vizuri wiki hiyo kwa raha.

Wiki tatu baadaye ukaanza kukohoa. Tukadhani ni baridi ya Julai. Nimonia, wakasema hospitalini, na siku nne zikatosha.

Hata mazishini, nisamehe, hata huko. Tracksuti ya klabu ilitandazwa juu ya jeneza lako, na Kocha Mwangi, yule mtu wa mawe, akalia mbele za watu wote mpaka wazee wakamshika mabega. Nilikuwa nakulilia kwelikweli. Na katikati ya kulia nikajiuliza: mimi nikifa, atalia hivi?

Sasa nikwambie yaliyotokea baadaye, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Mwezi uliopita Daktari Wairimu alituita wote tuliokuwa kwenye utafiti. Alitaka sisi tusikie matokeo kwanza. Aliweka michoro ukutani, bila majina, lakini nilikujua. Nani mwingine alipanda hivyo? Akatueleza kwamba waliobeba uzito wamepona vizuri, lakini tofauti kati yao na walionyoosha imekuwa ndogo. Tulikuwa watu wachache, akasema, na mguu mmoja wa kundi la kunyoosha ulipona kwa namna ambayo hakuitarajia. Kwa hivyo hawezi kuwaambia wenzake wa hospitali ya Thika wabadilishe wanachofanya. Walikuwa wanangoja neno lake. Wana watu wengi kwenye foleni, wafanyakazi wa viwandani, watu wa kusimama siku nzima kama wewe.

Mguu ule ulikuwa wangu. Na unajua nilihisi nini kwanza? Si aibu. Nilihisi raha. Nilijiambia: basi jasho la Nafula halikuthibitisha chochote. Tumelingana.

Nilitembea kutoka pale hadi Kahawa Sukari kwa miguu, bila sababu, nikipita kwenye mageti ya watu. Ile raha ilikuwa bado kifuani na nilianza kuiogopa. Ulikuwa umekufa, Nafula, na mimi nilikuwa bado nashindana.

Jumanne nikarudi kwa Daktari Wairimu. Nilimwonyesha ile picha kwenye simu. Nikamwambia yote, hadi mtungi wa maji, hadi chapati.

Aliikuza ile picha kwa vidole, akaisoma hadi mwisho. Kisha akasema, "Unajua nimekesha mara ngapi na huo mguu wako? Nilidhani ni mimi sikuelewa kitu." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Nikamwomba anifute tu, aniondoe kwenye hesabu. Akatikisa kichwa. "Siwezi kukufuta tu kwa sababu sasa najua ni wewe. Nitaandika ulichofanya, nitapeleka kwa kamati ya chuo, na utafiti itabidi niuanze tena na watu wapya." Miaka yake miwili, Nafula. Nilimwona anaihesabu machoni.

Nilikuwa mlangoni tayari aliponiita. "Njeri. Kuna kitu rafiki yako aliniomba nisikwambie. Lakini sasa hayupo." Akasema kwamba wiki ya nne ulikwenda kwake peke yako. Ulimwambia mimi naumia kuliko wewe, kwamba sishoni vizuri, kwamba cherehani ndiyo riziki yangu. Ulimwomba tubadilishane bahasha. Wewe uchukue kunyoosha, mimi nipewe uzito. Akakukatalia kwa sababu utafiti hauendi hivyo, na wewe ukarudi Thika ukanyamaza.

Ningependa kukuandikia kwamba nililia kwa shukrani. Sikulia. Nilikasirika. Nilisimama kwenye ile korido nikakuonea wivu kuliko siku zote za mbio. Kwa kasi ulinishinda, nikasema haya, ni miguu. Lakini hata hili? Ulikuwa umeshaniachia kile nilichokuja kukuibia, na hukuniambia hata nipate nafasi ya kukataa. Machozi yalikuja baadaye, siku mbili hivi, nikiwa nashona kola. Nililia hadi uzi ukakatika.

Klabuni nimewaambia mwenyewe. Kocha aliondoka katikati ya maneno yangu akaenda kupanga viunzi vya kuruka ambavyo hakuna aliyekuwa anavihitaji. Hajanisalimia tangu siku hiyo. Wengine wananiambia poa, halafu wanakimbia mbele. Nakimbia peke yangu sasa, kwenye barabara za mashamba ya kahawa, na kisigino hakiniumi kabisa. Daktari Wairimu ameanza kutafuta watu wengine. Safari hii hachukui marafiki wawili wa klabu moja. Hajaniita, na sitarajii aniite.

Nafula, siwezi kukuahidi kwamba wivu huu utakwisha. Ningekuwa nakudanganya, na nimeshakudanganya vya kutosha. Ila Desemba nitapanda gari nije Kimilili. Mama yako ana picha ya yale majaribio sebuleni, tumeshamaliza na wewe unaninyanyua mkono, na humwambia kila mgeni, "Huyu ndiye aliyemshinda Nafula wangu." Nitakaa naye chini nimwambie nilivyokushinda. Sijui atanifukuza au atanipikia. Vyovyote atakavyofanya, nitakuwa nimefika.

Kwaheri, dada. Ulikuwa na kasi kuliko mimi, na ulikuwa mwema kuliko mimi. Imeniuma kuandika hivyo, na nimeandika.

Mimi wako,
Njeri