Mtu Mgumu wa Old Moshi

Old Moshi

Kwa mdogo wangu Aminieli, huko Holili.

Pokea salamu nyingi kama ukungu ulioshuka kwenye kahawa asubuhi hii. Kifua chako kinaendeleaje, na shemeji Elisifa hajambo? Sisi huku ni wazima, mimi hasa. Mganga alinipima presha akashangaa, akauliza kama kweli nina umri ninaousema. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ukiona herufi zimelala ujue ni kalamu mbovu, siyo mimi.

Sasa nikupe habari. Tabitha, yule mjukuu niliyebaki naye nyumbani, alikuwa anaomba kazi ya kuandika programu za kompyuta kwenye kampuni moja ya Nairobi. Usidhani anapanda basi kwenda kuomba. Anakaa chumba cha mbele, anafungua kompyuta, na watu wanamtokea humo kwenye mwanga. Usaili wenyewe siyo mmoja. Kwanza walimpa swali, akawa anaandika huku wao wanamtazama tu. Aliniambia vidole vilikufa ganzi. Nikamwambia hata ng'ombe hatoi maziwa akikodolewa macho na mgeni. Akapita. Mara ya pili wakamtaka achore namna watu wengi watakavyotumia programu moja bila kukanyagana. Akapita tena. Nilisimama kanisani nikatangaza, mpaka mchungaji akaniomba nikae.

Usaili wa mwisho ulikuwa wa mazungumzo. Siku hiyo wingu lilishuka mpaka mlangoni, migomba haionekani ila majani yake yananing'inia hewani peke yake. Nilikaa kibarazani, sijui nilisinzia au nilikuwa macho. Sauti zao zilinifikia kama zinatoka chini ya maji ya mfereji, Kiingereza kitupu. Ndani yake nikasikia Babu. Tena Babu. Wakacheka, tena Babu. Aminieli, ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikajua wanataka mdhamini. Nikavaa koti langu la kanisani, nikaingia.

Nyuso tatu zilikuwa zinaelea kwenye kioo cha kompyuta. Kijana mmoja hata shikamoo haijui. Lakini dada mmoja aliniamkia vizuri, akasema kwa Kiswahili kwamba walimwuliza Tabitha habari za mtu mgumu aliyewahi kufanya naye kazi, naye akanitaja mimi. Nilifurahi mno! Nikawaambia ni kweli, mimi ni mgumu, baba yangu alikuwa mgumu, ukoo wetu mzima ni mti usioliwa na mchwa. Nikawaeleza wenzangu walivyong'oa kahawa mimi nikakataa, na watu wa mfereji walipotaka kupanga zamu za maji kwa simu nilivyowapinga, na bwana shamba alivyoondoka kwangu bila kuaga. Walisikiliza mpaka mwisho. Tabitha alikuwa amefunika uso kwa viganja, nikadhani ni furaha.

Wingu lilipoinuka na mlima ukatoka mweupe, ndipo akanieleza. Kumbe ugumu waliouulizia siyo wa mbao. Ni mtu msumbufu, asiyeambilika, nao walitaka kujua anaishije naye. Alikuwa amewaambia kwamba babu yake haombwi kitu kabla hajanywa maziwa ya asubuhi, na kwamba jambo yeye Tabitha analotaka nikubali hulileta kama vile nimelianzisha mimi. Nikakataa katakata. Nikamwambia hilo la maziwa ni uongo. Akasema sawa Babu, tutazungumza kesho asubuhi.

Jibu likaja, wamemkatalia. Hawakutoa sababu, anasema huwa hawatoi. Aliniambia akiwa amesimama, kisha akaenda kuwakatia ng'ombe majani kana kwamba hakuna kitu.

Hapa sasa, mdogo wangu, usimsomee Elisifa. Aliponiambia, kabla sijasikitika, nilifurahi. Kidogo tu, kama mtu anayeota jua. Niliiona nyumba hii ina taa chumba cha mbele, na mtu ananiita Babu, njoo chai. Kisha nikamtazama mtoto anavyoshika mundu, nikaona aibu. Nikaenda mpakani mwa shamba nikachuma jani la isale, nikampelekea kwa mikono miwili. Unajua kwetu isale hupelekwa na mkosaji, na anayepelekewa hana ruhusa ya kunyima msamaha. Lakini lini uliona mzee akimpelekea mtoto? Alishtuka, akalipokea. Anadhani nilimwomba radhi kwa kuingia na koti. Nimemwacha adhani hivyo.

Ameitwa na kampuni nyingine, Jumanne. Amenibembeleza nisiondoke, eti akijua nipo kibarazani moyo wake unatulia. Nimekataa. Jumanne nashinda kwako Holili mpaka amalize. Nikianza kuulizia gari la kurudi kabla ya jioni, nifungie geti, hata nikipiga kelele.

Msalimie Elisifa na majirani wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka uwakumbushe. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako,
Ndelilio