Samaki kwa Wageni wa Mulenge

Uvira, Jumatano usiku

Samaki! Nimewezaje kusahau?

Leo pale hotelini nilimwagiza meneja samaki wa ziwa kwa mkutano wetu wa Jumamosi, wakulima wa Nyakabere na wafugaji wa Mulenge, kule milimani, wote meza moja. Binti yangu Furaha akacheka. "Papa, weye! Bale bazee ba kule juu habakulaka samaki. Unataka bazungumuze bei ya maziwa bakiwa na njaa?"

"Nyama ya mbuzi iko, mzee," meneja akasema.

Mimi sikucheka. Mambo ya chakula yalikuwa ya Rugaza, mwenzangu wa Mulenge. Mikutano yote tuliiandaa pamoja, hadi alipofariki mwaka jana.

Nakiri hapa, maana Furaha sijamwambia: bei ya maziwa hainihusu tena. Daktari ameshasema yake. Nataka tu kuwaona watu hawa wakila pamoja mara moja tena. Lakini njia ya mlimani si salama, na tangu jana nawapigia simu wale wa Mulenge, hawapokei.

Nilikuwa naogopa kufa kabla ya Jumamosi. Usiku huu naogopa kuifikia, nikute viti vyao vitupu.