Isale la Kaka Ildefonce

Marangu, Julai 2006

Kaka Ildefonce, shikamoo.

Huku baridi ni kali, ila ng'ombe amezaa na Mama amepona mguu. Anakusalimu huko Ujerumani.

Barua yako nimeisoma. Unataka niitoe mtandaoni ile picha ya Mama akimwaga pombe ya mbege kwenye kaburi la Baba, kwenye majani ya isale, kwa sababu wenzako wa kanisani wameiona ukaona aibu. Kaka, siitoi! Mama mwenyewe alivaa kitenge kipya, akataka picha imtoe mpaka miguu. Jumapili akaenda misa kama kawaida, na padri alipotutembelea alikunywa mbege hiyo hiyo.

Halafu mwishoni unasema nimekukosea, nikutumie isale la kuomba msamaha, kama desturi yetu inavyotaka. Nilicheka mpaka Mama akauliza kulikoni. Jani lile lile linalokutia aibu pichani ndilo unalonidai!

Basi nimelikata, nikalifunga fundo kama Baba alivyotufundisha. Nikampa Mama alishike, nikampiga picha, nikashuka Moshi mjini kuiweka mtandaoni. Chini yake nimeandika jina lako.

Lipokee huko huko, mbele ya wenzako.

Mdogo wako asiyetubu,
Mektrida