Bodi Ipi, Fundi?

Wewe fundi, leo umeniua!

Si uliniambia kwenye simu waya mweusi wa zile taa za ziada niufunge kwenye bodi? Nikaufunga kwenye bodi. Nyuma, kwenye mbao za pikapu! Kwa skrubu mbili! Ningejuaje kwamba nyie mkisema bodi mnamaanisha chuma cha gari?

Usicheke kwanza. Swichi zenyewe zina kitaa chekundu ndani, chenye waya wake mbali na ule mweusi. Nikabonyeza ya kwanza, ikawaka. Ya pili, ikawaka. Nikamwita mama mkwe, maana pikapu ni yake: "Mama, njoo uone kazi ya mkwe wako!"

Akaja na nyumba nzima. Swichi zimejipamba kama bibi harusi, taa zenyewe kule mbele kimya.

Mama akaufuata ule waya mweusi kwa kidole mpaka nyuma. Akaziangalia mbao. Akaniangalia mimi. Halafu akazigonga taratibu: "Hodi! Umeme, umo humu?"

HODI, ndugu yangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikajitetea kwamba nimeelekezwa na fundi umeme. Mama amesema kesho uje mwenyewe, na usisahau randa yako.