Usiiinamie Mashine ya Mtihani

Mshauri wetu Nei Rotia, nakuandikia nikiwa na hasira na sitaki kubembelezwa, nataka msaada, maana nilikuwa muuguzi kule kisiwani kwetu Tarawa, nimezalisha akina mama wa kijiji kizima, na tangu tuhamie Brisbane nimekuwa msaidizi wa kuogesha wazee tu, mpaka nipasi mtihani wao wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, ule ambao ukijibu sawa swali linalofuata huwa gumu zaidi na ukikosa hulegea, basi binamu yangu Biribo akaniambia, "Dada, usijifanye mjuzi, kosea kidogo, itakuonea huruma," nami nikaona ni adabu, kwani ndani ya maneaba, ile nyumba yetu ya mikutano, si tunapita mbele ya wazee tumeinama, kwa hiyo kila lilipokuja gumu nikalikosea makusudi ingawa jibu nalijua, yakaja mepesi, nikayajibu huku naimba moyoni, kumbe nimefeli, na msichana wa pembeni aliyetoka analia amepasi, sasa natakiwa kurudi Jumatatu na nimeapa siendi, mashine ile inawachukia watu wa visiwani, au nakosea?

Nei Tiroia

Dada Tiroia, pole. Sasa nikugombeze.

Mashine haikuchukii. Haikujui, ndiyo maana inauliza. Inatafuta kimo chako: ukijibu inapandisha, ukikosa inashusha, mpaka iwe na hakika kama uko juu ya mstari wao au chini. Wewe ulijikunja, ikakupima umejikunja. Mepesi hata ungeyajibu siku nzima yasingekuvusha. Yule msichana alilia kwa sababu alikuwa anapambana na magumu, na huko ndiko watu wanakopasia.

Nimeishi mbali na visiwa vyetu miaka mingi kuliko niliyoishi huko, na mgongo wangu bado huinama wenyewe nikiwaona wazee. Naupenda mgongo huo. Lakini hapa tumeinama mpaka watu wakadhani hatujui kitu. Inatosha! Na Biribo mwambie akafanye mtihani wa udereva kwa kukoseakosea, tuone atapewa gari gani.

Jumatatu utakwenda. Jibu kila swali kwa ujuzi wako wote, maana likishapita hulirudii. Usilolijua, chagua jibu lililo karibu na ukweli, usonge. Yakizidi ugumu, jua umepandishwa. Mashine ikizimika mapema, usizimie nayo. Imeshapata hakika, basi. Ukitoka kichwa kinagonga na hujui umefanya nini, nenda nyumbani ukalale.

Kwenye maneaba tutainama pamoja. Mbele ya mashine ile, simama.