Kodi ya Banda la Kuku

Mama watoto,

Maharage yameiva, nimeyafunika. Usiyaache wazi, paka anazunguka. Kuku nimewapa maji.

Yule dalali akija na karatasi zake za kununua nyumba, mwambie ~~arudi Jumatatu~~ asirudi tena.

Asubuhi nilikufokea bure juu ya ile ankara ya kodi. Ulisema, "Baba watoto, soma vizuri, hapa wameandika nyumba mbili." Nikakujibu kwamba kodi ya jengo imepanda kwa sababu ya maghorofa yaliyotuzunguka, na kwamba mji huu hautaki tena watu kama sisi, bora tuuze. Ulipokwenda kazini nikavaa miwani. Ni nyumba mbili kweli. Ya pili ni banda la kuku. Ile namba ya nyumba niliyoichora kwa rangi mlangoni pake ili watoto wacheke, mkaguzi wa manispaa aliiona akaiandika.

Namba nimeikwangua. Banda nimelipiga picha, kuku wakiwa ndani, ili karani awaone wapangaji wangu. Sasa naenda kupanga foleni manispaa. Kodi itabaki kubwa, lakini ya nyumba moja tutajibana tuilipe.

Shule niliishia darasa la tano, ila ukaidi nimeusoma mpaka chuo. Asante kwa kunivumilia. Bila wewe, leo ningeuza nyumba tuliyozalia watoto kwa ajili ya kuku saba.

Ukifika kabla yangu, bandika maji ya chai. Na ukitaka kunicheka, nisubiri, unicheke nikiwepo.

Baba watoto