Nusu ya Pili ya Jora

Alhamisi, 3 Septemba 1750
Baba kavunjika mkono! Alipanda mtofaa kuwaonyesha wenzake kwamba miaka hamsini na sita si uzee. Wameona. Mganga kaufunga mkono wa kulia kwa vibao—wiki sita. Na jora la kitani liko nusu kwenye mtambo wa kufumia! Siku ya gulio, Jumanne ya tarehe kumi na tano, mkaguzi wa vitambaa anakuja kuchagua wafumaji wa agizo la kitani kutoka Uhispania. Tumelingoja tangu Mama yu hai.

Ijumaa, 4 Septemba
Nimesema nitalimalizia mimi. Baba kacheka mpaka mkono ukamuuma. Mjini kwetu wanawake husokota, wanaume hufuma. Ndivyo ilivyo tangu pesa za kitani zilipojenga kanisa na daraja. Nikamwambia basi aite mwanamume. Nani? Kila mmoja ana jora lake. Mwishowe Baba akasema: "Haya, kaa. Ila usimwambie mtu."

Jumatatu, 7 Septemba
Upepo mkavu wa mashariki. Uzi unakatika ovyo! Nimemwagia maji sakafu ya udongo, chumba cha chini kikapata unyevu, uzi ukatulia. Miguu na mikono yangu haielewani. Baba kanisimamia: "Taratibu, Katell! Unafuma au unapura ngano?" Mchana nikashika mwendo—naye akasinzia. Sijui kama ni sifa.

Jumatano, 9 Septemba
Jirani, Bi Maharit, kaleta chapati za ngano nyeusi—na macho yake. Kamkuta Baba anaota jua nje, huku mtambo unalia chini.
"Goulven, uko huku na kule?"
"Mizimu ya babu zangu hiyo, jirani. Wachapakazi kweli."
"Basi nayo mizimu ipewe chapati."
Akachungulia dirishani, akaniona. Yamekwisha, nikadhani. Kumbe! Akaniambia ninyooshe mgongo. Eti yeye kafuma miaka kumi, marehemu mumewe akiwa kilabuni, na mji mzima ukimsifu mume. Tulicheka mpaka nikakata nyuzi mbili.

Jumanne, 15 Septemba
Gulioni. Mkaguzi kalikunjua jora lote, akipitisha kidole. Katikati akasimama. Akasema hii ni mikono ya watu wawili, na nusu ya pili ndiyo anayoitaka. Nani kaifuma? Baba, mkono kifuani, akajibu ni mtu wa nyumbani kwake. Wafumaji wote wakageuka. Muhuri wa kulikubali jora hakupiga. Keshokutwa anakuja amwone mtu huyo akifuma.

Alhamisi, 17 Septemba
Asubuhi nilimwambia Baba tumwazime binamu yangu wa kiume akae mtamboni badala yangu, aibu isitufike. Kakasirika! Kajinyoa kwa mkono wa kushoto, kajikata mara tatu. Mimi niko mtamboni, naandikia pajani nikiwangoja. Nasikia viatu uani. Bi Maharit anawaelekeza kwa sauti ya kuamsha wafu. Mkaguzi—na nyuma yake wazee wa chama cha wafumaji, wanne, wamenuna. Mmoja anauliza yuko wapi huyo bwana.
Baba kasimama kizingitini.
"Karibuni. Ila msipige kelele, mfumaji yuko kazini. Ni binti yangu."
Naweka kalamu, naanza kufuma.